Damu Haina Saa

Waheshimiwa mahakimu, maofisa na askari wa Usalama Barabarani, madaktari, wauguzi, na ninyi vijana wa maabara mliokaa viti vya nyuma kana kwamba mada hii haiwahusu: nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nieleze jinsi damu ya dereva inavyopimwa kilevi na jinsi matokeo yake yanavyopaswa kusomwa mahakamani. Nitaanza na karatasi moja iliyonifunza jambo ambalo mashine zote nilizozitumia katika kazi yangu hazikunifunza.

Miaka mingi iliyopita niliitwa, nikiwa mkemia, kutoa ushahidi katika kesi ya mtu aliyekuwa akiendesha gari lake dogo na kumgonga mwendesha baiskeli. Taarifa ya uchunguzi niliyoiandika na kuisaini mwenyewe ilionyesha miligramu 58 za ethanoli, yaani kilevi kilicho katika pombe, katika mililita 100 za damu, na kiwango ambacho sheria yetu ya Tanzania inamkataza dereva kukizidi ni miligramu 80. Mwendesha mashtaka hakukata tamaa, kwa sababu alijua kwamba kilevi hupungua mwilini kadiri muda unavyopita, na akanitaka nikokotoe kilikuwa kiasi gani wakati wa ajali. Maelezo ya polisi yalisema ajali ilitokea saa 1:30 usiku. Nikaifungua fomu ya hospitali kutafuta muda wa kutoa damu, na katika nafasi hiyo palikuwa pameandikwa tarakimu tatu tu: 2:00.

Wakili wa utetezi alisimama taratibu na kuuliza swali ambalo naamini alikuwa amelala nalo usiku kucha: "Shahidi, hiyo ni saa mbili ya Kiswahili au ni saa mbili ya Kizungu?"

Sikuwa na jibu. Kama ilikuwa saa mbili yetu, yaani saa mbili usiku, basi damu ilitolewa nusu saa tu baada ya ajali, na hata ningechukua kasi kubwa kabisa ya mwili kuondoa kilevi nisingeweza kumfikisha mtu yule zaidi ya miligramu 71. Kama ilikuwa saa ya Kizungu, basi damu ilitolewa saa nane usiku wa manane, saa sita na nusu baada ya ajali, na hata kwa kasi ndogo ya miligramu 10 kwa saa angekuwa na 123 alipomgonga yule mwendesha baiskeli. Tarakimu ni ile ile 58, chupa ni ile ile, mkemia ni yule yule, lakini hesabu moja inamwachia huru na nyingine inamfunga. Muuguzi aliyeandika alikuwa amehamia mkoa mwingine, na daftari la wodi halikupatikana. Hakimu alimwachia mshtakiwa, na mpaka leo nasema alifanya sawa.

Nimeitaja kesi hiyo ili tuelewane mapema kuhusu kile ninachoweza na nisichoweza kuwaambia. Mstari wa tarakimu katika taarifa ya mkemia unasema kitu kimoja: ndani ya chupa iliyofika mezani kwangu, siku niliyoifungua, palikuwa na kiasi hiki cha kilevi. Kama damu ile ilikuwa ya mshtakiwa, na kama kilevi kile kilikuwa mwilini mwake saa aliyoshika usukani, hayo si mashine inayoyajua. Yanajulikana kwa yale yaliyoandikwa kando ya kitanda cha majeruhi na aliyeishika sindano na aliyesimama naye.

Tuitazame kwanza hiyo 80 yenyewe, maana wengi huitaja bila kuipatia sura. Miligramu 80 za ethanoli ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita ya kilevi kitupu, kiasi ambacho kingelowesha kichwa cha njiti ya kiberiti na kubaki kidogo, na hicho kimesambaa katika damu ya kujaza karibu nusu kikombe cha chai. Norway ndiyo iliyotangulia kuweka kikomo cha damu katika sheria, mwaka 1936, nayo ilichagua 50. Marekani, mwaka 1964, Robert Borkenstein, yule yule aliyebuni kipima pumzi miaka kumi kabla, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliofanyika Grand Rapids, jimbo la Michigan, uliolinganisha maelfu ya madereva waliopata ajali na wale wasiopata, ukaonyesha jinsi hatari inavyopanda haraka kilevi kinapovuka 80. Uingereza ikaweka 80 katika sheria yake ya mwaka 1967, na Tanzania, Kenya na Uganda nasi tuko kwenye 80. Afrika Kusini iko kwenye 50, na 20 kwa madereva wa kazi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50 kwa watu wote na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha. Binafsi naona 80 ni kubwa mno, lakini mkemia hapimi kwa maoni yake, kwa hiyo niliache hilo hapo.

Kitu kidogo kiasi hicho huchafuliwa kwa urahisi, na uchafuzi wa kwanza unaoulizwa mahakamani ni ule wa pamba ya spiriti. Muuguzi amezoea kusafisha mkono wa mgonjwa kwa spiriti kabla ya kuchoma sindano, na ni mazoea mazuri kwa kazi zote isipokuwa hii. Kwa kweli spiriti ikiachwa ikakauka vizuri ni vigumu iongeze chochote cha maana kwenye matokeo, lakini hakuna sababu ya kumpa wakili swali hilo wakati maji na sabuni, au iodini ya kusafishia ngozi isiyotiwa spiriti, vinafanya kazi ile ile. Andikeni kwenye fomu kilichotumika. Na kama majeruhi ametundikiwa dripu, damu itolewe mkono wa pili, kwa kuwa damu iliyochukuliwa juu ya mshipa unaopokea maji huwa imechujuka, na hapo mlevi anageuka kuwa mtu aliyekunywa kidogo.

Chupa nayo ina habari yake. Hospitali zetu zina chupa za vifuniko vya rangi mbalimbali, na ile tunayoitaka sisi ni ya kifuniko cha kijivu, ambayo wauguzi wanaijua kwa kazi ya kupima sukari. Ndani yake kuna unga mweupe wa aina mbili: oksaleti ya potasiamu inayozuia damu kuganda, na floraidi ya sodiamu inayozuia vijidudu na vimeng'enya visifanye kazi. Zile zilizotengenezwa mahsusi kwa kesi za kilevi, za mililita 10, huwa na miligramu 100 za floraidi, yaani zaidi ya kile kilicho katika chupa ndogo za sukari. Damu ikishaingia, chupa igeuzwe juu chini polepole mara nane hadi kumi ili unga uyeyuke wote. Isitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi. Nimepokea chupa nyingi ambazo unga wote ulikuwa bado umekaa chini kama chumvi kwenye kitako cha glasi, na juu yake bonge la damu iliyoganda.

Kwa nini tunaing'ang'ania floraidi? Waliokulia pwani wanajua jibu bila kusoma kemia. Tembo la mnazi likigemwa alfajiri ni tamu, mtoto analinywa. Liache kwenye kibuyu mpaka alasiri, hakuna aliyelitia kitu, na tayari limekuwa kali la kumwangusha mtu mzima. Hamira ya porini imekula sukari na kutoa kilevi. Damu nayo ina sukari, ya mgonjwa wa kisukari hasa, na hamira kama kandida inaweza kuwamo, ikiwa imetoka kwenye ngozi au kwenye kidonda. Damu iliyowekwa katika chupa isiyo na floraidi, ikasafiri siku mbili ndani ya buti la gari katika joto la Februari, inaweza kuchacha vile vile kama tembo, na mtu ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake akaonekana amekunywa. Damu iliyo na floraidi ya kutosha na iliyokaa kwenye friji, kwa upande mwingine, ikibadilika hupungua kilevi kidogo kidogo, na upungufu huo unamfaa mshtakiwa wala haumwonei. Ndiyo maana mimi husema, na wenzangu hunicheka, kwamba chupa ya kijivu ni wakili wa dereva asiyekunywa.

Liko kosa jingine ambalo nalieleza kwa hadhari, kwa kuwa linawahusu madaktari na sipendi kuonekana nawafundisha udaktari. Hospitali kubwa zina mashine zinazopima kilevi kwa ajili ya matibabu, na matokeo yake hutoka haraka, kwa hiyo polisi huyaomba na kuyapeleka mahakamani. Mashine hizo hazipimi damu nzima. Hupima majimaji ya juu yanayobaki chembechembe za damu zikishatenganishwa, na kwa kuwa kilevi hukaa mahali penye maji zaidi, majimaji hayo huonyesha kilevi zaidi ya damu nzima kwa wastani wa mara 1.14 hivi. Daktari anayetibu hajali, kwake 90 na 79 ni mgonjwa yule yule. Lakini sheria inazungumzia damu. Chukua 90 ya hospitali, igawanye kwa 1.14, utapata 79. Mtu huyo hajavuka kikomo. Zaidi ya hayo, mashine hizo hutegemea kimeng'enya ambacho kinaweza kudanganywa na asidi ya laktiki nyingi katika damu ya majeruhi aliyeumia vibaya, ikaonyesha kilevi kisichokuwapo. Yafaa matokeo ya hospitali yamsaidie daktari kumtibu mtu, na kesi isubiri chupa ya kijivu.

Sasa turudi kwenye saa. Mtu akinywa, kilevi huingia katika damu kupitia tumboni na hasa utumbo mdogo, na kiwango hupanda kwa nusu saa, saa moja, wakati mwingine hata saa mbili ikiwa amekunywa juu ya ugali na nyama. Kikifika kileleni huanza kushuka, na kushuka kwake si kama kwa dawa nyingi ambazo nusu huondoka, kisha nusu ya kilichobaki. Ini huondoa kilevi kwa kasi inayokaribia kuwa ile ile saa hadi saa, kama fundi anayelipwa kwa siku asiyeongeza mwendo hata kazi ikiwa nyingi. Aliyeyaandika haya kwa hesabu ni Erik Widmark, Msweden, katika miaka ya 1920 na 1930, na hesabu zake ndizo tunazotumia bado. Kwa watu wengi kasi hiyo iko kati ya miligramu 10 na 25 kwa saa, na ya katikati ni kama 15 hadi 20. Kahawa haiharakishi, supu ya pweza haiharakishi, wala kuoga maji ya baridi.

Kwa hiyo mkemia akiulizwa kiwango kilikuwa ngapi saa ya ajali, jibu la uaminifu halina tarakimu moja. Tuseme ajali ilikuwa saa nne usiku, barabara ikafungwa, askari wakapima alama za matairi, gari la polisi likasubiriwa, na damu ikatolewa hospitali ya wilaya saa nane usiku ikiwa na 62. Saa nne zimepita. Kwa kasi ya chini alikuwa na 102, kwa kasi ya juu 162. Nitaiambia mahakama: kati ya 102 na 162, na kwa haki ya mshtakiwa hesabu ianzie 102. Hata hapo nina sharti moja, kwamba wakati wa ajali kilevi kilikuwa kimekwisha kupanda na kimeanza kushuka. Ikiwa alimaliza bia ya mwisho akiwa amesimama kaunta, akaingia garini, na dakika kumi baadaye akagonga, basi kilele kilikuja baada ya ajali na hesabu yote ya kurudi nyuma haina msingi. Ndiyo maana nawaomba askari wapelelezi wamuulize mhudumu wa baa swali ambalo huonekana la kipuuzi: bia ya mwisho ililipiwa saa ngapi?

Na yupo yule anayesema alikunywa baada ya ajali, ili kutuliza moyo. Msimcheke, kwani mara moja moja ni kweli. Lakini hata yeye anaweza kupimwa. Kilevi kinapoanza kupanda, damu hutangulia na mkojo huwa nyuma, na kinaposhuka mkojo huwa na zaidi ya damu, kwa kawaida mara 1.3 hivi. Mkichukua damu, na mkojo mara mbili kwa kupishana saa moja, tunaweza kuona kama pombe ile ilikuwa bado inaingia au ilikuwa imekwisha kuingia zamani. Huo ni ushahidi mzuri ambao karibu haufiki kwetu kabisa, kwa sababu ya kukosa kopo la mkojo la bei ya andazi.

Afrika Kusini wamejaribu kuimaliza shida ya saa kwa sheria: damu ikitolewa ndani ya saa mbili baada ya kosa na ikazidi kikomo, mahakama huchukulia kwamba kilevi kilikuwa kimezidi wakati wa kosa pia, mpaka uletwe ushahidi wa kinyume. Ni njia safi. Lakini nawaza barabara ya Tunduma au ya Kibondo, mbali na hospitali yenye sindano na chupa za kutosha, na sijui tungefikisha wangapi ndani ya saa hizo mbili. Kwa hiyo kwetu hesabu ya kurudi nyuma itaendelea, na ikiendelea inahitaji saa zilizoandikwa bila utata. Andikeni kwa mfumo wa saa 24: 20:00 au 02:00. Tofauti ya saa yetu na ya Kizungu ni saa sita, na saa sita kwa miligramu 15 ni 90, yaani zaidi ya kikomo chote cha sheria. Hakuna kosa la mashine, hata mashine mbovu namna gani, linaloweza kufikia ukubwa huo.

Kuhusu mashine yenyewe nitapita upesi, ingawa ndiyo sehemu ninayoipenda. Anayefunua sufuria ya pilau huijua kwa mvuke kabla hajatia kijiko, na mashine yetu hufanya hivyo hivyo: haionji damu. Tunachota damu kidogo, tunaichanganya na maji yenye kiasi kinachojulikana cha propanoli, jamaa ya ethanoli tunayoitumia kulinganishia, tunaifunga katika kichupa cha kioo chenye kifuniko cha mpira, na tanuri dogo hukipasha joto hadi nyuzi 60 hivi. Kilevi hupanda katika hewa iliyo juu ya damu. Sindano hutoboa mpira, huvuta ile hewa, na kuisukuma katika bomba refu jembamba ambamo kila kitu hutoka kwa wakati wake, kama abiria wa daladala wanaoshuka vituo tofauti: methanoli ya gongo bovu, asetoni ya mgonjwa wa kisukari, ethanoli, na ile propanoli yetu. Hewa hiyo hupitishwa katika mabomba ya aina mbili kwa pamoja, ili kitu kilichojificha nyuma ya ethanoli katika bomba moja kijitokeze katika la pili. Kila damu hupimwa katika vichupa viwili, na vikitofautiana kupita asilimia 5 tunarudia kazi yote. Kati ya damu za washtakiwa huwekwa vichupa vya majaribio ambavyo kiasi chake tunakijua, kimojawapo karibu na 80. Kile kikikosea, siku hiyo hakuna taarifa inayotoka.

Hata kazi iliyofanyika vizuri ina ukingo wa mashaka, na mkemia asiyeutaja ukingo huo hajamaliza kuandika taarifa. Maabara za Uingereza hupunguza miligramu 6 katika matokeo yanayofika hadi 100, na asilimia 6 katika yaliyo juu ya hapo, kabla ya kuyapeleka polisi, na matokeo huandikwa kama "si chini ya" kiasi fulani. Mimi naipenda lugha hiyo. Damu iliyosomeka 84 huandikwa si chini ya 78, na dereva huyo haendi mahakamani kwa tofauti ambayo mashine yenyewe haiwezi kuiapia.

Mahakimu, mna haki ya kumtazama mkemia usoni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu taarifa ya mkemia ipokelewe bila yeye kuwapo, na inaruhusu pia aitwe. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la dereva wa New Mexico aliyeitwa Bullcoming, ambaye damu yake ilikuwa imepimwa na mtaalamu aliyekuwa amepewa likizo bila malipo, na badala yake akaletwa mwenzake ambaye hakuishuhudia kazi ile. Mahakama ilisema haitoshi, mshtakiwa ana haki ya kumhoji yule yule aliyetia saini. Nao Waingereza, mwaka 2017, walitangaziwa kwamba takwimu katika maabara moja binafsi ya Manchester zilikuwa zimechezewa, na zaidi ya kesi 10,000, nyingi zikiwa za udereva na dawa za kulevya, zikalazimika kuangaliwa upya. Mashine hazikuwa zimeharibika. Watu walikuwa wamebadilisha namba za vichupa vya majaribio, vile vile nilivyovieleza sasa hivi, ili kazi ionekane imefaulu. Kwa hiyo mkiniita, siendi nimenuna.

Neno juu ya waliokufa. Dereva aliyefia barabarani, na mwili ukakaa katika chumba cha maiti kisicho na ubaridi kwa siku mbili, hutengeneza kilevi chake mwenyewe kupitia vijidudu vilivyotoka tumboni. Familia yake inaweza kukosa fidia ya bima kwa pombe ambayo marehemu hakuinywa. Damu ya marehemu isichukuliwe kifuani wala moyoni, ambako tumbo liko jirani. Ichukuliwe kwenye mshipa mkubwa wa paja, na pamoja nayo yachukuliwe maji ya ndani ya jicho, mililita mbili au tatu tu. Jicho limefungwa vizuri na huchelewa kufikiwa na vijidudu. Damu ikiwa na 70 na jicho likawa halina kitu, mimi sitaandika kwamba marehemu alikuwa amelewa.

Mmeniuliza pia kuhusu bangi, mirungi na dawa, na hapa nitakuwa mgumu kidogo. Kwa pombe tunayo 80 na tunayo hesabu ya Widmark. Kwa bangi hatuna hesabu kama hiyo. Kilevi cha bangi hushuka katika damu kwa haraka sana katika saa za mwanzo, kisha mabaki yake hukaa katika mafuta ya mwili na kutoka katika mkojo kwa siku nyingi, na kwa mvutaji wa kila siku kwa wiki kadhaa. Mkojo wenye mabaki ya bangi unasema mtu huyu aliwahi kuvuta, hausemi kwamba alikuwa amelewa alipokuwa njiani, na kumfunga dereva kwa mkojo peke yake ni kumhukumu kwa jambo la wiki iliyopita. Uingereza, tangu Machi 2015, ina kikomo katika damu, mikrogramu 2 za kilevi cha bangi kwa lita, kiasi ambacho ni kidogo mara laki kadhaa kuliko kile cha pombe. Kukipima kunahitaji mashine ya kutenganisha na kupima uzito wa molekuli, si kile kipande cha karatasi kinachobadilika rangi. Katika mirungi, chembe inayochangamsha, kathinoni, huharibika haraka jani likinyauka, na huharibika pia katika damu iliyowekwa vibaya, kwa hiyo friji na floraidi hapa ni lazima zaidi. Na msisahau dawa halali: diazepamu, tramadoli, hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Katika kesi hizi zote, maelezo ya askari kuhusu alivyomwona dereva, macho yake, kauli yake, jinsi alivyoshuka garini, yana uzito kuliko anavyodhani, kwa kuwa tarakimu yangu peke yake haitamwonyesha hakimu mtu huyo alikuwaje.

Damu ya kila dereva igawanywe katika chupa mbili. Moja tunaifungua sisi. Ya pili inabaki na lakiri yake katika friji kwa ajili ya mshtakiwa, na akitaka ipimwe na mtu mwingine asizungushwe, aonyeshwe lakiri ikiwa haijaguswa kisha akabidhiwe kwa saini.

Kwenye meza ile ya dirishani nimeweka fomu kumi na mbili za kweli, zilizofutwa majina na namba za kesi. Nimezihesabu jana: tano hazina muda wa kutoa damu kabisa, na tatu zina muda usioeleweka ni wa saa ipi. Naomba kila mmoja achukue moja, aisome kama wakili wa utetezi angeisoma, na aandike pembeni ni maswali gani angemuuliza mkemia. Tutarudi hapa saa 10:30, yaani saa nne na nusu asubuhi.